Fundi Aliyetia Visu Ukungu

Ukitaka kumuudhi yule mzee, ilitosha kumwambia, "Fundi, ning'arishie kisu changu." Alikuwa anakutazama kuanzia kofia mpaka kandambili, anakurudishia kisu chako mpini ukiwa mbele, maana adabu hakuiacha hata akikasirika, kisha anakuonyesha barabara ya kwenda mjini. "Kule wako vijana wenye grenda. Watakung'arishia mpaka ujitazame meno. Kwangu hapana." Nimeona mabwana wazima wakitoka pale wamenuna kama watoto walionyimwa maandazi.

Sasa hayupo, na watu wa Hirbadaw wanamsema kila mtu na lake. Wako wanaosema alikuwa fundi ambaye hatapatikana tena. Wako wanaosema alikuwa na mambo yake, na wakifika hapo wanashusha sauti. Mimi nilifanya naye kazi miaka mingi, tukigombana wiki kwa wiki, na mpaka leo nikiona kisu mezani kwa mtu, mkono unanitangulia kukigeuza nione bapa lake. Huo ugonjwa yeye ndiye aliyeniambukiza, na nitaeleza ulitoka wapi.

Kazi yangu ni ngozi. Nashona ala za visu na sime, mikanda, na kamba za punda, kazi niliyoachiwa na marehemu baba yangu kule Gitting, ambako wenzangu wote wanalima viazi na maharage na wananiona mimi ni mwanamke wa ajabu ninayenuka magome ya miti. Na yule mzee tulijuana kwa ugomvi. Nilikuwa nimenunua kisu chake mnadani Katesh, nikakitumia kukatia ngozi iliyokuwa bado mbichi na maji yake. Asubuhi nakuta ngozi nzima imeingia madoa meusi utadhani imemwagiwa wino. Nikapanda bodaboda mpaka Hirbadaw nikiwa nimejaa maneno mdomoni.

"Shikamoo," nikasema, maana hata ukienda kugombana na mzee unaanza na shikamoo.

"Marahaba."

"Kisu chako kimeniharibia ngozi."

Akaichukua ile ngozi, akainusa. Akainusa tena. "Umeilowekea nini hii?"

"Magome ya mgunga. Lakini mzee, mimi nimekuja kwa ajili ya ngozi yangu!"

"Ngozi yako imeshakufa, mama. Mimi nauliza maji yake. Unayo mengi?"

Hakuniomba radhi, ng'o. Wiki iliyofuata nilijikuta nimembebea dumu zima la maji ya magome, sijui hata alinishawishije. Akaloweka visu humo, vikatoka na weusi wenye ubuluu kwa ndani, kama wingu la mvua likiwa bado upande wa Basotu. Tangu siku hiyo yeye akawa wa visu, mimi wa ala. Aliniita Mama Ngozi. Mimi nilimwita Fundi, na jina lake nilikuja kulisikia vizuri siku ya mazishi yake.

Alikuwa wa ukoo wa wahunzi. Ukikaa tambarare za huku utajua maana yake bila kuambiwa. Wafugaji wananunua mkuki kwake, wananunua kengele ya ng'ombe, lakini binti hawampi na kwa kikombe chake hawanywi. Walikuwa wanasimama nje ya kibanda wakimsubiri, chai wanakataa kwa upole, wanasema wameshakunywa. Yeye hakulalamika. Alikuwa anawakaribisha chai kila mara, kila mara wanakataa, naye anasema, "Haya, siku nyingine." Mimi wa Gitting sikuwa na shida hiyo, nilikunywa chai yake mpaka nikawa namdai sukari.

Kila mteja alipewa sura ya kisu chake. Vijana wanaopandisha wageni mlimani walitaka kisu kisichowaka juani, akawapa weusi wa oili chafu, kinachomwa kisha kinazamishwa mpaka kinatoa moshi. Warina asali aliwapa weusi wa magome. Wavuvi wa Basotu, ambao kutu ndiyo adui yao, aliwasugulia kwa msasa mlalo mmoja kutoka mpinini hadi nchani kisha akawapa mafuta ya alizeti waende nayo. Na wachungaji, ambao kisu chao kinapigwa na kila kitu, aliwapa kile alichokiita uso wa barabara.

Uso wa barabara ulikuwa hivi. Anaweka kisu ndani ya dumu pamoja na kokoto za mtoni na mafuta kidogo, anafunga, anampa mwendesha bodaboda anayekwenda Basotu alifunge nyuma ya kiti. Barabara ile unaijua, au kama huijui mgongo wako unashukuru. Pikipiki ikirudi, kokoto zimeshakigonga kisu kila mahali, kimekuwa na rangi ya jiwe lililolala, na hata kikichubuka huwezi kuona. "Barabara ya Basotu ndiyo mashine yangu," alikuwa anajisifu. Mwaka mmoja likaja katapila likaichonga ile barabara ikawa laini, watu wakashangilia. Yeye akakaa siku nzima amekunja uso. "Wameniharibia mashine," akasema, na wala hakuwa anatania.

Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa ukungu. Kwa kazi hiyo alichagua tupa kuukuu, si springi ya gari, kwa sababu springi, alisema, ni kaidi, haichoreki. Akishakifua kisu, anapaka udongo wa mfinyanzi kwenye mgongo wake kwa kidole gumba, makali anayaacha wazi. Anakitia motoni mpaka kiwe chekundu, kisha anakitumbukiza kwenye maji ya chumvi. Penye udongo panapoa taratibu, pasipo na udongo panashtuka. Ukikisugua baada ya hapo huoni kitu, chuma tu. Ila ukikipitishia ndimu, jamani! Pale pale unatokea mstari wa kijivu unaopanda na kushuka kwenye bapa, kama ukungu unavyoukalia mlima Hanang asubuhi, kilele unakiona na miguu yake huioni. Na mstari huo haufutiki. King'arishe utakavyo, utajificha tu. Ndimu ikigusa, huo hapo umerudi. Umo ndani ya chuma. Na kwa kuwa umechorwa na kidole cha mtu, huwezi kukuta visu viwili vyenye ukungu mmoja.

Kisu kimoja cha namna hiyo kilikuwa cha mwanawe.

Huyo mwana mimi sikumkuta. Alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla ya ngozi yangu kuharibika, wakati wa ukame, kuswaga ng'ombe wa tajiri mmoja kuelekea kusini kutafuta majani. Wenzake walirudi na ng'ombe. Yeye hakurudi. Walisema alikwenda kumfuata ndama aliyepotea na hakuonekana tena, wakamtafuta, wakaita, wakachoka. Hakuna aliyeona mwili, hakuna aliyeona hata nguo. Alimwacha nyumbani mke mbichi kabisa, hata mtoto walikuwa hawajapata, na baba yake akiwa na nyundo mkononi.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililowafunga wote. Katika ukoo ule, kisu alichokufulia baba yako hakiuzwi. Hakiazimwi, hakitolewi zawadi, hakiwekwi rehani. Kinakaa kiunoni mwako mpaka unazikwa, na unazikwa nacho. Basi mzee akashika neno moja na hakulitoa. "Mwanangu akiwa hai, kisu kile kiko naye. Siku nitakapokiona mkononi mwa mtu mwingine, nitajua amekufa. Nitanyoa nywele, tutakaa msiba. Nisipokiona, yuko hai." Wazee wenzake walikuja kumwambia, jamani, miaka inakwenda, kaa msiba umruhusu huyu binti. Akawajibu kwa upole ule ule, akawapa chai, wakarudi walikotoka.

Na binti mwenyewe, mkwe wake, yuko pale pale. Kabla baba mkwe hajanyoa, yeye ni mke wa mtu. Kulikuwa na mjane mmoja wa Dongobesh, mwanamume mtulivu mwenye mashine ya kusaga, wa ukoo wa wahunzi kama wao, aliyekuwa anamtaka na amemwambia wazi. Lakini angemtuma mshenga aende akasemeje? Kumposa mke wa mtu? Yule binti aliwahi kuniambia, tumeketi tunamenya maharage, bila hata kupandisha sauti, "Mama, wenzangu wana waume au wana makaburi. Mimi nina nini?" Nikaendelea kumenya.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini mzee alichukia king'aacho. Wachungaji aliwaambia mng'ao unamshtua ng'ombe. Wapanda mlima aliwaambia unaumiza macho. Mimi aliniambia ukweli siku moja, tena bila kuulizwa: "Kisu kinachong'aa hakikwambii kimetoka wapi." Na unaelewa pia kwa nini alitangaza minadani kote kwamba mwenye kisu kikuukuu, kiwe cha fundi gani, alete, atakisafisha na kukipa sura mpya bure. Watu wakasema mzee ana roho nzuri. Kumbe ulikuwa mtego. "Mwizi hakai na kisu kizuri, atakiuza," alinieleza. "Kikiuzwa kitatembea. Kikitembea kitachakaa. Kikichakaa kitatafuta fundi." Kila kisu kilichokuja, kabla hata hajamjibu mwenyewe salamu vizuri, alikipitishia ndimu, akakishika kwenye mwanga, akasubiri. Ukungu wa mwanawe aliujua: ulikuwa na mawimbi marefu, halafu karibu na mpini palikuwa na pengo, kwa sababu siku ile kidole kiliteleza. Alikuwa anasubiri lile pengo. Lisipotokea anashusha pumzi, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ya nafuu au ya uchovu.

Na hakungoja waje tu. Aibu alizonipa yule mzee! Mnadani alikuwa anasimama kwa wachoma nyama, anaazima kisu, anakamulia ndimu ya watu. Basotu tuliwahi kumkuta mvuvi amekaa anaparua perege, mzee akamwinamia na kumkamulia ndimu kwenye kisu kikiwa mkononi, bila hodi. Yule mvuvi akaruka juu. "We mzee, unaniwekea dawa?" Nusura ampige na samaki. Mimi nikaanza kumwomba msamaha, shikamoo nyingi, samahani nyingi, na mzee mwenyewe hata hatusikii. Anatazama bapa. "Si chenyewe," akasema, akaondoka zake. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nilipomwona anavyotembea mbele yangu kicheko kikaisha.

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni saa zote. Alikuwa mbishi, mcheshi, na mwenye mambo yasiyopatana. Alisema vitu vya kisasa vimeharibu dunia, na alikuwa na simu kubwa ya kupangusa ambamo alitazama wazungu wakitia visu rangi, anacheka peke yake, anawasahihisha kwa sauti. "Kizamishe haraka wewe! Utakuja kulia." Pombe hakuonja, na gongo haikukosekana kibandani kwake, ya kusafishia mafuta kwenye chuma, na ole wake aliyeinusa kwa nia nyingine. Alishika chuma chekundu kwa koleo fupi bila kupepesa, lakini kinyonga akionekana kwenye ua, mzee anahama. Siku moja alimaliza asubuhi nzima kwa jirani kwa sababu ya kinyonga, mpaka mkwe wake akaenda kumwambia, "Baba, ameshaondoka, rudi ule."

Walipendana, hao wawili. Hilo ndilo lililofanya jambo kuwa gumu. Angekuwa baba mkwe mkorofi, binti angetoroka na watu wangesema afadhali. Lakini alimtengea maziwa, alimfulia kisu chake cha jikoni akakipa ukungu mwembamba kama uzi, na akiumwa alikuwa anamkalia mlangoni. Kila mwaka alikuwa anamwambia, "Vumilia kidogo, binti yangu. Atakuja yeye au kitakuja kisu." Na yeye anajibu, "Sawa, baba." Nilikuwa natamani kumtikisa mabega yule mzee. Nilimwambia mara moja, "Fundi, unamzika mzima huyu mtoto wa watu." Alikaa wiki mbili hanisemeshi.

Kuna jambo moja nilichelewa kuligundua. Wahunzi wanapiga chuma wawili wawili: fundi anapiga, msaidizi anapokea. Ngo, ngo. Msaidizi wake alikuwa yule mwana. Alipoondoka, mzee alibaki peke yake, lakini mpigo wake haukubadilika. Alipiga moja, akaacha nafasi, akapiga moja, akaacha nafasi. Nafasi ya nyundo ya mwanawe. Mara nyingine alisimama katikati, nyundo hewani, ananiuliza, "Umesikia?"

"Sijasikia kitu, Fundi."

"Amenipokea."

Mwili wangu ulikuwa unasisimka mchana kweupe. Nami ni mtu wa kanisa, mambo hayo sina, lakini nakwambia ukikaa pale ukisikiliza zile nafasi, unaanza na wewe kuzisubiri zijazwe. Kibaya zaidi ni kwamba jikoni, nyuma ya ukuta wa kibanda, mkwe alikuwa anatwanga, na mchi wake ulikuwa unaangukia mle mle kwenye zile nafasi. Sidhani alikuwa anajua. Nyundo, mchi, nyundo, mchi. Nilikuwa nikifunga mzigo wangu wa ala mapema siku hizo, nawaaga kabla jua halijapinda.

Kisha watu nao. Ukanda huu mtu akipotea hapotei peke yake, watu wanampa safari. Huyu kamwona kisimani, anakunywa na ng'ombe, kamwita hakugeuka. Yule kamwona mnadani Singida, mgongo ni wake, akimfuata anakuta si yeye. Mwanamke mmoja alisema amemsikia akipiga mluzi wake ule wa kuitia ndama nyuma ya kilima, mluzi tu, mtu hayupo. Mzee alisikiliza yote, hakubisha hata moja, akauliza swali lile lile: "Kisu alikuwa nacho?" Hakuna aliyewahi kujua.

Sasa niingie kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa kiangazi, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimekaa kibandani napima ala. Akaingia muuza mitumba, mmoja wa wale wanaozunguka minada, mtu wa maneno mengi na jasho, ana kisu kimefungwa kwenye fulana ya mtoto. Amesikia hapa visu vinatengenezwa bure. Mpini umelegea. Alipokifungua nikafumba macho kwa ule mng'ao. Kilikuwa kimesuguliwa kwa grenda mpaka kimekuwa kama kioo cha saluni.

Mzee akakunja uso kwa mng'ao tu, kama kawaida yake. Akachukua ndimu, akapitisha.

Nikauona ukipanda. Kwanza kama pumzi, kisha kijivu, kisha mawimbi marefu, yanakwenda, yanakwenda, na karibu na mpini, pengo.

Mzee alikaa kwenye kigoda chake taratibu, kama mtu anayekalia maji. Mimi nikashika mdomo. Nikajua basi, leo ni msiba, na nakiri kabisa, ndani ya woga ule nilifurahi kwa ajili ya yule binti.

"Umekipata wapi?" mzee akauliza.

"Manyoni, mzee wangu. Kwa mchoma nyama mmoja pale karibu na stendi."

"Yeye alikiokota wapi?"

"Kuokota?" Muuza mitumba akacheka. "Kile kisu ni chake mwenyewe, ametoka nacho kwao. Ila kilimchosha. Anasema wateja wanaona bapa lina madoa, wanadhani anawakatia nyama na kisu kichafu. Akakipeleka kwa fundi wa grenda, kikawa safi. Lakini unajua nyama choma na ndimu tena. Kila akikata ndimu, madoa yanarudi. Anasugua, yanarudi. Akaniambia, 'Chukua hiki kitu, nipe shati moja tu, sitaki kukiona.' Sasa hivi ana kisu cha duka kizuri, cheupe."

Nilisikia nzi.

"Ni mtu wa namna gani?" mzee akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mrefu. Amenenepa siku hizi, biashara inakwenda. Ana mke pale na watoto. Mkono huu wa kushoto ana kovu kubwa la moto, kama aliungua utotoni."

Mzee akatazama mahali makaa yalipokuwa. Kisha akainuka, akachagua kisu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo ukutani, cha ukungu, akampa yule mtu. "Chukua hiki. Kile nimekipenda." Muuza mitumba hakuamini bahati yake. Akashukuru, akaaga, shikamoo yake ikabaki hewani, akaenda zake kuwahi mnada.

Tukabaki wawili. Miaka yote ile tuliogopa kwamba amekufa. Hatukuwahi, hata siku moja, kuogopa hili.

"Mama Ngozi," akasema, "huyo mtu amesema nini?"

"Fundi, umemsikia."

"Mimi nimesikia kimeokotwa. Porini, upande wa kusini, kwenye mifupa. Wewe umesikia nini?"

Alikuwa ananitazama machoni. Nikasema, "Nimesikia hivyo hivyo."

Akatoka nje, akasimama uani na kile kisu, akamwita mkwe wake. Alikuja kutoka jikoni, mikono ina unga. "Binti yangu," akasema, "kisu kimekuja." Akamweleza habari ya mifupa. Yule binti alikitazama kisu, akamtazama mzee, muda mrefu, halafu akapiga yowe ambalo sijasikia mfano wake, akaanguka miguuni pa baba mkwe wake. Mzee naye akashuka chini, akamshika, wakalia pamoja kwenye vumbi. Na yule mzee alikuwa analia kweli. Usiniambie alikuwa anaigiza. Mtu aliyekufa angemlilia mara moja. Huyu alikuwa anamlilia huku akijua yuko hai, anauza nyama.

Jioni hiyo wakanyoa wote wawili. Watu wakaja kutoka pande zote, na hata wafugaji, wale wa kusimama nje, waliingia mpaka ndani wakakaa, kwa sababu msiba ni msiba. Mzee aliniomba nishone ala ya kukizikia kisu. "Shona pande zote," akasema. "Usiache mdomo." Nikaishona, nyuzi mbili mbili, nikaifunga kabisa, nikijua ninachokifunga. Wakachimba kaburi dogo nyuma ya boma, wakakiweka, wakapanga mawe juu. Wazee wakasema maneno yao ya kumtuliza marehemu asisumbue walio hai. Nikatazama barabara ya kusini wakati wanayasema.

Msiba ulipokwisha, mshenga wa Dongobesh alikuja kwa adabu zake, na mzee akampokea. Siku binti anaondoka nilikwenda kumsaidia kufunga vyombo. Tulikuwa jikoni, peke yetu. Nikasema mambo ya kusema, Mungu akutangulie, marehemu apumzike. Akanishika mkono.

"Mama," akasema, "huu ukuta ni wa fito na udongo."

Sikuelewa kwanza. Kisha nikatazama ukuta, na upande wa pili wa ukuta kilikuwa kibanda.

"Nilisikia yote," akasema. "Stendi. Nyama. Watoto. Nilikuwa nimesimama hapa hapa na mchi mkononi. Halafu baba akaniita, akaniambia ile habari ya mifupa, nikamtazama, nikaona amezeeka pale pale, kwa mara moja. Ningemjibu nini? Alikuwa ananipa kitu pekee alichokuwa nacho."

"Jamani, mwanangu."

"Usije ukamwambia ninajua. Ataona hakunipa kitu."

Akapanda pikipiki na vyombo vyake, akaenda Dongobesh, na mpaka leo yuko salama. Kile kisu cha jikoni alikwenda nacho.

Mzee hakuishi sana baada ya pale. Nyundo ilimshinda kwanza, kisha miguu. Nilimwona mara ya mwisho amekaa nje kwenye jua, amevikwa blanketi, macho yako kwenye barabara ile ya kusini. Sikumwuliza anamngoja nani, wala anamwogopa nani. Nilimpa shikamoo yake, nikakaa chini kwenye gunia, tukaongea habari za mvua, habari za bei ya ngozi. Halafu akanigeukia.

"Mama Ngozi. Yule binti. Aliniamini?"

Nikamwambia, "Alikuamini, Fundi. Kila neno."

"Hakushuku hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. "Maskini," akasema. "Maskini binti yangu."